Mfereji Uliopanda Ngazi

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kwa nguvu, najua mnamsubiri sungura. Leo sungura hayupo, na fisi naye hayupo. Leo kuna mfereji. Ni huu wa mawe na saruji unaoanzia nyuma ya shule ya msingi na kuishia kwenye kijito kinachokwenda kumwaga maji Mto Msimbazi. Mnauruka kila asubuhi mkienda shule, na wiki iliyopita mdogo wenu alidondosha kiatu humo. Ninachotaka kuwasimulia ni namna ulivyofika pale. Msidhani ulikuja kwa sababu mvua ilinyesha. Mvua ilikuwa ikinyesha miaka yote. Mfereji ulikuja kwa vikao.

Naona mmeshaanza kupiga miayo. Neno "kikao" hata mimi huniletea usingizi. Ila vumilieni, kwa sababu humu ndani mna ugomvi, mna ukuta wa mtu mwenye geti la bluu, na mna kosa kubwa alilolifanya bibi yenu kwa kalamu yake mwenyewe.

Kwanza tuujue mji. Pwani hii palikuwa na kijiji cha wavuvi kinachoitwa Mzizima. Miaka ya 1860 Sultani Majid wa Zanzibar akaamua kujenga mji hapo, akauita Dar es Salaam. Baadaye wakaja Wajerumani, kisha Waingereza, na mji ukagawanywa kwa rangi za watu: Uzunguni kule kwenye upepo wa bahari, Uhindini katikati, Waswahili Kariakoo. Hilo jina Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps. Ndimi za watu zikalilainisha. Kati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwanja mtupu wa kuwatenganisha watu, ndio Mnazi Mmoja mnaoufahamu. Nani aliitwa kikaoni wakati hayo yanaamuliwa? Bibi yangu hakuitwa. Hakuna hata mmoja wa Kariakoo aliyeulizwa nyumba yake iwe wapi.

Sensa ya 1967 iliwahesabu watu wa mji huu wakawa hawafiki 300,000. Sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Kwa kila mtu mmoja wa wakati ule, leo wapo karibu ishirini. Hao wote wamelala wapi? Wengi hawakusubiri ramani ya serikali. Walimwendea mwenye shamba la minazi au mikorosho, wakamnunulia kipande, wakaandikishana mbele ya mjumbe, wakajenga. Ndiyo maana huambiwa kwamba takriban watu saba kati ya kila kumi wa Dar es Salaam wanakaa kwenye maeneo yasiyopimwa. Siwalaumu, mimi mwenyewe nimo. Lakini kila mmoja alipojenga alipima hatua za kiwanja chake tu, na njia ya maji haikuwa kiwanja cha mtu, basi ikajengewa.

Na maji ya mji huu yana njia zake za zamani. Msimbazi unaanzia huko vilima vya Pugu, Kisarawe, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, unaingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Desemba 2011 ulikumbusha watu ukubwa wake. Zaidi ya watu 40 walikufa kwa mafuriko, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Nakumbuka magodoro yaliyoanikwa juu ya mabati ya nyumba, mtaa mzima, kama maduka ya magodoro yamehamia angani.

Sasa twende kwenye mtaa wetu, ambao jina lake mnalijua na halina haja ya kutajwa. Sisi hatupo kwenye mto wenyewe. Sisi tupo kwenye mkunjo wa ardhi, upande mmoja juu, ambako wenyewe wanapaita mlimani ijapokuwa ni kimwinuko tu, na upande mwingine bondeni. Mvua za masika zikinyesha saa mbili mfululizo, bondeni watu wanapandisha vitanda juu ya matofali.

Mwaka mmoja mvua ikazidi. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano mkuu.

Hapa nitawasimamisha kidogo, kwa sababu watu wazima wenyewe huchanganya. Mwenyekiti wa mtaa ni mtu tunayemchagua sisi wakazi kila baada ya miaka mitano; mara ya mwisho ilikuwa tarehe 27 Novemba 2024, mliona foleni pale shuleni. Mtendaji wa mtaa hatumchagui. Huyo ni mwajiriwa, analipwa mshahara, na ndiye anayetunza mafaili. Mwenyekiti akileta porojo tunamsubiri kwenye sanduku la kura. Mtendaji akileta porojo tunamshtakia bosi wake. Na mkutano mkuu wa mtaa ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, awe mpangaji au mwenye nyumba, awe anauza magari au anauza karanga.

Tulikutana chini ya ule mwembe wa ofisini. Viti vya plastiki vilivyokodiwa vilikuwa ishirini na tano. Wazee wakakalia, akina mama wakatandika kanga, vijana wa bodaboda wakabaki wameegemea pikipiki zao ili wasikose abiria. Tukangoja akidi itimie saa nzima na nusu. Akidi ni idadi ya watu inayotakiwa ili kikao kihesabike kuwa kikao. Mkipungua, hata mseme maneno ya dhahabu, hayo ni maongezi ya kijiweni. Mwenyekiti akamtuma kijana apite na kipaza sauti, akatangaza mtaa mzima: "Wakazi mnaombwa mkutanoni, msije mkalalamika baadaye!" Wakaja. Hilo la kulalamika baadaye lina nguvu kuliko sheria.

Katibu wa kikao kwa utaratibu ni mtendaji. Ila mwandiko wake alikuwa hausomi hata yeye mwenyewe, kwa hiyo akaniomba mimi, mjumbe wa kamati, nimwandikie. Nikafungua kaunta buku langu, nikapiga mstari, nikaorodhesha ajenda: kufungua kikao, kupitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, suala la maji, mengineyo, kufunga.

Likumbukeni hilo neno "yatokanayo". Tutalirudia.

Tulipofika kwenye suala la maji, mwalimu mstaafu wa mlimani akasimama, akaweka tai yake sawa. Alisema jambo hili halina mjadala: ujengwe mfereji mkubwa kutoka kwake hadi chini, maji yashuke, basi. Watu wa mlimani wakapiga makofi. Fundi baiskeli wa bondeni hakupiga. Alisimama polepole, mikono yake bado na grisi, akauliza, "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini huo mfereji wako ukishafika chini, unaishia wapi? Unaishia mlangoni kwangu. Nyinyi hamjengi mfereji, mnajenga bomba la kunitupia maji yenu."

Kimya. Hata kile kipaza sauti kiliacha kukwaruza.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mambo ya mji ni magumu. Kijijini shimo la taka ni lako na nzi ni wako. Mjini, dawa ya huyu ni ugonjwa wa yule. Stendi ikihamishwa, wa huku wanapumua na mama ntilie wa kule wanakosa wateja. Barabara ikipanuliwa, gari zinapita na fremu za maduka zinavunjwa. Ukiamua peke yako unaweza kujiona una akili sana, kwa kuwa yule utakayemuumiza hayupo kukuambia.

Ubishi ukawaka. Mlimani na bondeni wakaanza kutajiana mambo ya zamani, nani alitupa taka za nani, nani alichukua hatua mbili za kiwanja cha marehemu. Kwenye kanga mojawapo alikuwa amekaa mama muuza mihogo ya kukaanga, na kando yake binti yake wa darasa la tano. Binti akamvuta mama sikio. Mama akamwambia nyamaza. Akamvuta tena.

"Huyo mtoto anasemaje?" mwenyekiti akauliza, nadhani akitafuta njia yoyote ya kuzima ule moto.

Yule binti hakuwa na kura, alikuwa na miaka kumi na moja. Lakini mwenyekiti akimpa mtu nafasi ya kusema, nafasi ni yake. Akasimama. "Shikamoo mwenyekiti. Shikamooni wote. Maji hayatoki mlimani kwa mwalimu. Yanatoka nyuma ya vyoo vya shule, yanakwenda kugonga ukuta wa baba mwenye geti la bluu, halafu yanakata kona yanakuja kwetu. Sisi tukitoka shule huwa tunaweka ndala ziogelee. Zinapita hapo kila siku."

Kulikuwa na wazee pale waliokaa mtaa huu miaka thelathini. Mtoto mwenye ndala ndiye aliyekuwa na habari.

Mwenyekiti akafanya jambo ambalo mpaka leo namsifu: aliahirisha uamuzi. Akasema Jumapili tutembee njia ya maji, kila upande utoe watu watano, na binti aje atuongoze. Tukatembea. Tulianzia vyooni shuleni. Kwenye kila nyumba mwenyewe alitoka akatuonyesha kwa mwili wake maji yalifika wapi: hapa kifundoni, hapa magotini, hapa kiunoni. Kwa fundi baiskeli alisimama akagusa kifua. Mstari wa tope ulikuwa bado ukutani, juu kidogo ya kalenda. Kwenye kona tukakuta kalavati limezibwa na chupa za plastiki, magunia, na tairi moja la bajaji. Na ukuta wa geti la bluu ulikuwa umekaa katikati ya mkondo wa zamani kama mtu aliyelala mlangoni.

Msidhani kutembea huko ni mchezo wa watu wasio na wataalamu. Wataalamu wenyewe hufanya hivyo. Mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kuzunguka kata zinazofurika, kwenye mradi wa Ramani Huria. Walitembea na wakazi, wakachora mifereji, vichochoro na majengo kwenye ramani ambayo yeyote anaweza kuifungua bure. Mashine za angani zinaona paa. Mwenye nyumba ndiye anayejua maji yalifika usawa wa kalenda.

Tukarudi kikaoni na picha tuliyoichora kwenye karatasi ya manila. Sasa tulijua mfereji upite wapi. Tukaja kugundua kwamba njia moja ile ina wenyewe wengi. Barabara ya mtaa ipo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini tangu 2017. Bomba lililokatiza pale ni la mamlaka ya maji. Nguzo ni ya shirika la umeme. Uwanja wa shule ni wa halmashauri. Na karibu na kijito kuna sheria ya mazingira ya 2004 inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Maji yenyewe hayana habari na mipaka hiyo, yanapita tu.

Basi mfereji ukaanza kupanda ngazi.

Ngazi ya kwanza juu ya mtaa ni kata. Huko kuna Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani ndiye mwenyekiti, mtendaji wa kata ndiye katibu, na wenyeviti wa mitaa yote wanakaa humo. Msifikiri mwenyekiti wetu alipofika walimpigia vigelegele. Kila mwenyekiti alikuja na kilio chake: mmoja anataka zahanati, mwingine taa za barabarani kwa kuwa vibaka wamezidi, mwingine choo cha soko. Fedha haziwezi kutosha vyote, kwa hiyo inabidi vipangwe, na anayepangwa wa tano kwenye orodha ya mambo matatu ajue tu ameshakosa. Kikitoka kata, kipaumbele kinakwenda halmashauri, kinapita kwa wataalamu na kamati za madiwani, kinaishia Baraza la Madiwani, kinaingia kwenye bajeti. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Ukichelewa treni hiyo, unangoja mwaka mzima stesheni.

Sasa kosa langu.

Kwenye muhtasari nilikuwa nimeandika, kwa mwandiko mzuri kabisa: "Wakazi wana kero kubwa ya maji. Serikali iombwe kuitatua." Nilijisikia mwandishi hodari. Kata wakanakili hivyo hivyo, halmashauri wakapokea hivyo hivyo. Miezi ikapita. Siku moja ikaja barua yenye muhuri, mwenyekiti akaisoma mbele ya watu kwa sauti ya furaha: kero yetu ya maji imepokelewa, na mtaa wetu utazingatiwa katika mpango wa kusambaza mabomba.

Watu walicheka mpaka mmoja akaanguka na kiti. Sisi tunazama, wao wanatuletea maji! Mimi sikucheka. Kwa Kiswahili chetu, mtu akisema ana shida ya maji, kila mwenye akili anaelewa kwamba bomba halitoki. Mtu wa ofisini hakukosea. Niliyekosea ni mimi niliyeandika neno linalobeba mambo mawili kinyume.

Na hapo mfereji ungekufa. Ombi moja limepotea, mwaka umepita, watu wamechoka, mvua imekatika, jua limekausha tope. Kiangazi ndicho adui wa mifereji; hakuna anayeikumbuka.

Kilichouokoa ni yatokanayo. Kila kikao, baada ya kupitisha muhtasari, mwenyekiti anatakiwa aulize: yapi yametokana na kikao kilichopita? Yaani tulisema nini, nani alipewa kazi, imefika wapi. Watu wengi huiruka ajenda hiyo kwa sababu haina makofi. Mama muuza mihogo hakuiruka. Kikao baada ya kikao alinyoosha mkono, unga wa mihogo ukiwa bado kwenye vidole. "Mwenyekiti, yatokanayo. Ule mfereji?" Mwenyekiti alifikia mahali akimwona tu anaanza kujibu kabla hajaulizwa. Vijana wakamtania, wakamwita Mama Yatokanayo. Alilipenda jina hilo.

Tukaandika upya. Safari hii nilikaa na fundi mwashi na kijana mmoja aliyesomea ujenzi, tukapima kwa kamba. Nikaandika: mfereji wa mawe, mita 340, kutoka nyuma ya vyoo vya shule hadi kijitoni, kwa ajili ya kutoa maji ya mvua yanayoingia katika nyumba hizi na hizi. Hakuna aliyeweza kufikiria bomba.

Fundi mwashi ndiye aliyemaliza ugomvi wa mlimani na bondeni, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema mfereji hujengwa kuanzia chini. Unaanzia pale maji yanapoishia, kijitoni, unapanda nao kuja juu. Ukianzia juu na fedha zikaisha katikati, umemzamisha jirani. Fundi baiskeli akasema kama ni hivyo, yeye wa kwanza kuchukua sululu. Hilo likaandikwa kuwa ni azimio, pamoja na neno "kuanzia chini".

Mwenye geti la bluu naye alikuja. Tulitegemea vita. Alikuja na bahasha yenye kibali cha kujenga, akatuonyesha, na kibali kilikuwa halali. Mchoro wake haukuonyesha mkondo wowote kwa sababu alipojenga ilikuwa kiangazi na hakuna aliyemwambia. Tulijadiliana naye vikao viwili. Mwishowe alikubali kona ya ukuta ivunjwe na mfereji upite pembeni mwa kiwanja chake ukiwa umefunikwa, ili gari lake lipite juu. Nawaambia hili kwa sababu kwenye hadithi tajiri huwa ndiye zimwi. Huyu alikuwa jirani ambaye hatukuwahi kumwalika kikaoni.

Mzee mmoja akatukumbusha Hanna Nassif, kule Kinondoni. Miaka ya 1990 wakazi wa pale walishirikiana na jiji na Shirika la Kazi Duniani kujenga mifereji na barabara za mtaa wao, wanawake na wanaume, kwa mikono yao na kwa malipo, wakiwa na chama chao cha maendeleo. Kwa hiyo hatukuwa wa kwanza. Tukaongeza kwenye ombi letu: wakazi watachimba, halmashauri ilete mawe, saruji na mhandisi.

Vipo na vikao vikubwa kuliko vya mwembe. Mwaka 1992 jiji hili liliitisha mashauriano ya wadau wake, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ili kukubaliana matatizo yapi yaanze kushughulikiwa, na taka zikawa miongoni mwa yaliyopewa uzito. Mwaka 2018 walikaa wataalamu, maofisa na wakazi, wakajadiliana kwa miezi juu ya bonde la Msimbazi: daraja la Jangwani, bustani ya jiji, na wale wanaoishi kwenye maji wapelekwe wapi. Jirani zetu wa Nairobi walifanya zaidi. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la kupangwa upya, na watu wa kaya takriban 100,000 wakajigawa katika makundi madogo, kila kundi likitoa wasemaji wake, kabla mhandisi hajachora mstari. Moja ya mambo yaliyowatia uchungu ni kwamba walikuwa wananunua maji kwa bei kubwa kuliko watu wa mitaa ya kitajiri yenye mabomba.

Mimi nimewahi kualikwa kwenye kimoja cha hivyo vikubwa, hotelini. Tulivishwa vitambulisho shingoni, tukanywa chai na sambusa, tukasainia posho. Mada zilikuwa nzuri. Ila nilitafuta yatokanayo kwenye ratiba nzima sikuiona. Niliuliza kikao kijacho ni lini, nikaambiwa nitapigiwa simu. Bado naingoja.

Siku bajeti inapitishwa tulikwenda wanne kuketi kwenye viti vya wageni, maana Baraza la Madiwani hukutana hadharani na mwananchi anaruhusiwa kusikiliza. Madiwani walikuwa na majoho, meya na mkufu wake kifuani. Mama Yatokanayo alivaa gauni la sherehe. Tulikaa tangu asubuhi. Mfereji wetu ulisomwa mchana, kwenye mstari mmoja wa jedwali refu, kati ya ukarabati wa madarasa na ununuzi wa makasha ya taka. Ulichukua muda wa kumeza mate. Akanigeuzia uso: "Ndiyo huo tu?" Ndiyo huo tu, dada. Vikao vya miaka mitatu, na mtoto aliyeogeleza ndala.

Tulichimba Jumamosi kumi na moja. Saruji ilichelewa mara mbili, na mara zote mbili ilikuja baada ya mtu kunyoosha mkono kwenye yatokanayo. Masika yaliyofuata maji yaliingia mferejini, yakapita chini ya geti la bluu, yakaenda zake kijitoni. Fundi baiskeli alishusha kitanda chake kutoka juu ya matofali. Yale matofali aliyajengea kibaraza, ndicho mnachokalia mkipeleka baiskeli kutiwa upepo.

Wala msiniambie hadithi imeisha vizuri. Juzi nimepita nikachungulia. Tangu kona ya shule mpaka kwa muuza chipsi, mfereji umejaa chupa, nailoni na majani ya mwembe, na kile kiatu cha mdogo wenu nadhani bado kimo. Vuli inakaribia. Nimeshaandika kwenye kaunta buku, ajenda ya tatu. Kikao ni Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, pale pale mwembeni. Viti havitoshi, njooni na vigoda vyenu.